Kabla ya kiti cha meya kuna benchi la komini

Wadogo zangu,

Kila mwaka wanafika vijana wapya ofisini. Wengine wametumwa na chuo kufanya staji, wengine wameingia kazi kabisa, na kabla ya wiki kuisha lazima mmoja aniulize: "Mama, mtu anafanyaje mpaka awe meya?" Sikasiriki. Mimi mwenyewe niliuliza hivyo hivyo siku zangu za kwanza, na karani mmoja mzee akanijibu bila kuinua macho: "Kwanza peleka hii barua." Nikatembea nayo kutoka komini, yaani ofisi ya sehemu moja ya mji, hadi ofisi kuu ya mji kwa miguu, maana pesa ya basi haikuwepo, nikarudi jasho likinitoka na bila muhuri wa kupokelewa, kwa sababu sikujua kama muhuri unaombwa. Kesho yake akanirudisha. Leo nimemaliza miaka 26 ya kazi ya Leta, yaani serikali, hapa Lubumbashi. Nilianzia meza ya vizazi na vifo nikiwa na diploma ya Leta ya seksheni ya biashara, nikafika kuwa shefu wa biro, na nimefanya kazi chini ya maburugumesta saba, yaani wakuu wa komini. Yule mzee alinijibu vizuri kuliko nilivyodhani.

Watu wanaona gari lenye bendera, wanaona polisi akifungua mlango, wanasema huyu bwana ana mji mkononi. Kaeni ndani miezi mitatu mtazame kilichomo mkononi. Maji ni ya Regideso, umeme ni wa SNEL, na wakubwa wa mashirika hayo wako Kinshasa. Reli ni ya SNCC. Polisi wana makamanda wao. Hati ya lupango, yaani kiwanja, inatoka kwa mtunza hati za ardhi, ambaye ni mtu wa serikali kuu. Halafu bomba linapopasuka Katuba, mama mwenye ndoo tupu haendi Kinshasa. Anakuja kukaa kwenye benchi la komini, mtoto mgongoni, na ana haki. Meya, na burugumesta chini yake, siku nyingi anashughulika kuwafanya watu wasiokuwa chini yake watende jambo ambalo hawezi kuwaamrisha. Ukilielewa hilo mapema utaacha kuota kiti, utaanza kujifunza barua.

Nitarudi kwenye barua. Kwanza sheria, kwa ufupi, maana wengi mnakuja mmeikariri kwa Kifaransa na hamjawahi kumweleza mama yenu. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema mji na komini vinajitawala. Kartie, yaani mtaa ndani ya komini, haijitawali, ni mkono wa komini tu. Raia wanachagua madiwani wa komini. Madiwani hao ndio wanaomchagua burugumesta na msaidizi wake, na ndio pia wanaochagua madiwani wa mji. Hao wa mji wanamchagua meya na msaidizi wake. Kwa hiyo hata kwa maandishi, mtu wa avenyu (barabara ya makazi) hampigii meya kura moja kwa moja. Hayo ni maandishi. Kura ya madiwani wa komini tuliisubiri tangu Katiba ya 2006 mpaka tarehe 20 Desemba 2023, na hata siku hiyo haikupigwa nchi nzima. Katikati hapo, mameya na maburugumesta mliowajua tangu utoto wenu waliwekwa kwa ordonansi, yaani amri, ya Rais, majina yakasomwa kwenye televisheni ya taifa, na sisi ofisini tukasikia usiku ule ule pamoja na ninyi. Asubuhi tunafagia ofisi, tunangoja kuona nani atashuka kwenye gari.

Maana yake? Mtu anaweza kuwekwa kwa kujulikana juu. Lakini kudumu, na kuondoka bila kuzomewa, hilo linategemea anavyojulikana chini. Nimeona maburugumesta wa namna zote mbili. Mmoja alitoka biashara, mtu mzuri kabisa, mcheshi. Wiki ya kwanza akaagiza viti vipya vya ngozi na kupaka rangi ukuta wa mbele. Alipokuja mwingine, kwanza aliomba daftari la barua zinazoingia. Akakaa nalo siku mbili. Akatia alama nyekundu kila barua ambayo haikujibiwa, akatuita mmoja mmoja, na mimi zangu zilikuwa kumi na moja. Nilitamani sakafu inifunike.

Huyo wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi zamani. Alikuwa shefu wa avenyu, bila mshahara, akiamkia nyumba za watu kuamua kesi za mbuzi na za ukuta uliovuka mpaka. Baadaye akashika kartie. Baadaye msaidizi wa burugumesta. Ndipo akawa burugumesta, na mwisho akapanda kwenda kufanya kazi kwenye ofisi ya mji. Mkiniuliza njia, ile ndiyo njia niliyoiona kwa macho. Ni ndefu, na katikati hakuna anayekupigia makofi.

Si yeye wa kwanza. Machi 1957 Wabelgiji walitoa sheria ya miji, na Desemba mwaka huo watu wa Élisabethville, ndilo jina tulilokuwa nalo mpaka 1966, wakapiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini, sawa na watu wa Léopoldville na wa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Wanaume tu; mama zetu walibaki na sufuria. Komini nne za Waafrika, yaani Albert ambayo ndiyo Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, zikapata maburugumesta wao, na juu yao mji wote ukabaki kwa ofisa wa kikoloni aliyeitwa burugumesta wa kwanza. Huko Léopoldville, komini ya Dendale ikampata Joseph Kasavubu. Angalieni alikotoka: seminari, kisha ualimu, kisha ukarani wa serikali upande wa fedha, na tangu 1954 kuongoza ABAKO, chama cha Bakongo. Aprili 1958, siku ya kushika kiti, badala ya kushukuru na kukaa, akatoa hotuba ya kudai uchaguzi mkuu na kujitawala. Miaka miwili baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa nchi, na Dendale leo inaitwa Kasa-Vubu. Vijana wengi wanaikumbuka hotuba. Mimi namkumbuka karani. Mtu aliyeshinda miaka na makaratasi ya fedha za mkoloni anajua mkoloni anaficha nini.

Hapa kwetu kura ile iliacha kidonda. Wengi kati ya maburugumesta waliopatikana walikuwa watoto wa familia zilizotoka nje ya Katanga, Kasai zaidi, waliokuja kwa ajili ya reli na migodi. Waliojiita wenyeji wakasema mji umechukuliwa, na Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat, chama ambacho baadaye kiliongozwa na Moïse Tshombe. Mnajua kilichofuata 1960, Katanga ilipojitenga. Na ninyi mliozaliwa juzi huenda hamjui vizuri ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa kwa maelfu na maelfu, familia zikilala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingoja mabehewa. Mimi nilikuwa msichana. Rafiki niliyekaa naye dawati moja hakurudi shuleni.

Nayasema kwa sababu ya meza mtakayokalia. Mtu anapotaja jina lake mbele yako, sikio lako la Kilushi, la mtu wa Lubumbashi, limeshajua kijiji cha babu yake kabla hujashika kalamu. Hilo huwezi kulizuia. Mdomo ndio wa kuzuia. Uliza kile tu ambacho fomu inauliza. Ukimwambia mtu aliyezaliwa hospitali ya hapa hapa, "lakini wewe ni wa wapi hasa?", hata kwa kicheko, umemfungulia kitu ambacho hakitafungwa na wewe. Burugumesta mwalimu alikuwa na sheria moja ya dirishani: Swahili kwa kila mtu, Kifaransa kwenye karatasi, na lugha ya nyumbani kwenu uiache nyumbani, kwa sababu wawili wakianza kuongea Kiluba au Kibemba dirishani, wa tatu aliye nyuma kwenye foleni anaamini wanapanga kumruka. Na mara nyingine kweli wanapanga.

Tukiwa bado dirishani, kuna jambo la majina ya mahali, na hapa ndipo vijana wenye shahada wanaanguka. Alikuja mzee na karatasi yake ya zamani inayosema amezaliwa Lubumbashi, mkoa wa Shaba. Stajieri wetu, kijana msafi, tai shingoni, akamrudisha: "Papa, mkoa huu haupo." Mzee akatazama huku na huku, akakaa chini kwenye benchi kama mtu aliyeambiwa hakuzaliwa. Katanga iliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Mwaka 2015 Katanga yenyewe ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mtu aliyezaliwa 1968 amezaliwa Katanga, amesoma Shaba, ameozesha binti Katanga, na wajukuu wake wamezaliwa Haut-Katanga, na hajawahi kuhama komini ya Kenya. Vivyo hivyo majina: tangu 1972 majina ya Kikristo yaliondolewa kwenye karatasi, yakarudi miaka ya tisini. Ukiona Kabange peke yake kwenye karatasi moja na Kabange Joseph kwenye nyingine, usiite polisi. Hesabu miaka.

Kosa langu kubwa lilikuwa la namna hiyo hiyo, na nalitaja kwa sababu nilikuwa na kalamu, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Niliandika jina la mtoto kwa kusikia, sikumwomba mama anisomee tena, nikaweka herufi mbili zilizogeuzwa. Miaka kumi na kitu ikapita. Mtoto alipofika mtihani wa Leta, jina la shule na jina la cheti cha kuzaliwa hayakulingana, na kurekebisha cheti si kazi ya kufuta kwa wino mweupe. Ni mahakama, ni karatasi, ni pesa. Mama yule aliuza mashine yake ya kushonea. Alikuja kunionyesha karatasi zilizokamilika, hakunitukana, akasema tu: "Mama, ni hii." Tangu siku ile kila jina nalisoma kwa sauti herufi kwa herufi, hata foleni ikinung'unika mpaka nje. Kumbukeni kwamba burugumesta ndiye ofisa wa hali ya raia kwenye komini yake: saini ni yake, lakini mkono ni wako. Na kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 hakuombwi pesa. Ukimsikia mwenzako anaomba "ya kalamu", mjue ni yake.

Kuhusu matabishi, yaani pesa ya chini ya meza, sitahubiri, mmeshasikia kanisani. Nitasema la kikazi tu. Mshahara wa mwanzo hautakutosha, na huenda usiuone kabisa, kwa sababu mtu asiye na namba ya matrikule, yaani namba ya mtumishi wa Leta, anaitwa "nyunite mpya" na anaweza kuitwa hivyo mpaka watoto wake wamalize shule. Tunza nakala ya kila karatasi ya kupangwa kazini, nyumbani, mahali pakavu. Sasa, mtu akikupa elfu mbili ili faili lake lipite mbele, huyo hajakulipa, amekununua pamoja na dirisha lako, na kesho atakuja na ndugu yake. Yule mzee wa barua alikula matabishi maisha yake yote, lazima niseme ukweli, na alinifundisha kazi kuliko mtu yeyote. Sijawahi kujua niweke wapi mambo hayo mawili.

Pesa za komini. Ibara ya 175 ya Katiba inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya mikoa, na sheria inaongeza kwamba 40% ya fungu hilo la mkoa ni ya miji, komini, sekta na utawala wa machifu. Zijueni hizo asilimia, mtaulizwa kwenye interviu. Kisha msipange kazi yoyote kwa pesa ambayo hamjaiona. Komini inaishi kwa soko: tiketi ya kila siku ya meza, nyanya, bitoyo (samaki wa chumvi), makala (makaa), lengalenga (mchicha). Burugumesta mwalimu, kabla hajafikisha mwezi, alikwenda sokoni saa kumi na moja alfajiri na kijidaftari cha shule, akahesabu meza. Akarudi jioni kuhesabu vishina vya tiketi. Hesabu mbili hazikujuana. Hakumfunga mtu. Alibadilisha rangi: Jumatatu tiketi za kijani, Jumanne njano, na kuendelea, hivyo tiketi ya jana haikuweza kuuzwa tena leo. Mama wa soko ndio waliofurahi wa kwanza, kwa sababu wao walikuwa wanalipa kila siku na kuambiwa soko halina pesa ya choo. Choo kikajengwa. Wakusanyaji wawili wakaomba kuhamishwa wenyewe.

Basi barua. Andika kwa Kifaransa chepesi, jambo moja kwa barua moja, namba, tarehe, na nakala kwa wakubwa wanaopaswa kujua. Ya kwenda kwa gavana inapitia kwa meya. Ukiruka ngazi, barua inarudi na jina lako linabaki huko juu. Halafu unaondoka nayo wewe mwenyewe na unarudi na akize, yaani nakala yenye muhuri, saini na tarehe ya kupokelewa. Bila akize hukuandika kitu. Nawaambia hivi kwa sababu ya mvua za Novemba mmoja. Mtaro mkubwa wa avenyu fulani ulijaa mchanga na mifuko ya plastiki, ile ile iliyopigwa marufuku mwishoni mwa 2017 na ambayo mkate wenu wa leo asubuhi umefungiwa humo. Tulikuwa tumeandika mara tatu kuomba uzibuliwe. Maji yakaingia nyumbani kwa watu, ukuta ukaanguka, kwa neema ya Mungu hakuna aliyekuwa nyuma yake. Watu wakaja komini, na hasira yao ilikuwa ya haki. Burugumesta akaniomba akize za barua tatu. Nilikuwa na moja, na tarehe yake haikusomeka. Mbili nilikuwa nimemwachia mlinzi mlangoni kwa sababu ilikuwa saa ya kula.

Hakupiga kelele. Alivua koti, akanitazama, akasema: "Twende." Tukaenda kwa miguu, yeye, mimi, na mashefu watatu wa avenyu, kutoka mtaroni mpaka ile ofisi iliyohusika, viatu vikiwa na matope, tukakaa kwenye benchi lao kama mama wa ndoo anavyokaa kwenye letu. Mashefu hao ndio waliokuwa silaha yake. Walijua ni nyumba ngapi, ni watoto wangapi, nani ni mjane. Alipoitwa ndani, aliwaacha wao wazungumze, kwa Swahili, mbele ya bwana aliyezoea kusomewa ripoti. Mashine ikaja siku ya nne. Jumamosi kabla yake tulikuwa tumefanya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, na nilimwona burugumesta ameshika koleo ndani ya mtaro mpaka magotini, bila mpiga picha. Baadaye nikamwuliza kwa nini hakupiga simu kwa gavana tu. Akasema simu hiyo anaweza kuipiga mara moja kwa mwaka, na mwaka ulikuwa bado mrefu.

Kwa hiyo msiwadharau mashefu wa avenyu. Wengi hawakufika sekondari, wengine wanasaini polepole sana, na mtawakuta wamekaa nje tangu saa moja wakingoja shefu wa biro wa miaka 30. Wapeni kiti. Mwiteni "Papa" au "Mama" kama mnavyoita nyumbani. Siku mtakapotaka kujua lupango fulani ni ya nani kweli, au kwa nini soko limenyamaza ghafla, hakuna faili litakalowaambia. Nami nimeona mameya waliowekwa na Kinshasa wakaondoka na Kinshasa, na mashefu hao hao bado wako pale, na daftari lao la mgongo uliochanika.

Mkitaka vitu vidogo vya kuanzia: nunua daftari lako mwenyewe, usitegemee la ofisi. Andika majina ya zamani ya avenyu pembeni ya mapya, maana wazee watakutajia ya zamani. Kula bukari (ugali) yako kwenye kantini pamoja na madereva na walinzi. Wao ndio wanaojua nani anasafiri lini, na saini haipatikani kwa mtu aliyesafiri. Jifunze kuandika muhtasari wa mkutano usiku ule ule, kesho kila mtu atakuwa amesema jambo zuri zaidi ya alilosema.

Asubuhi hii kijana wetu mpya amerudi kutoka mjini na nakala ya barua ya wiki iliyopita. Amesimama mbele yangu anatabasamu, jasho usoni. Muhuri upo, saini ipo. Tarehe haipo. Nimempa pesa ya basi, nimemrudisha.